Kitambaa cha Chini ni Changu

Zuhura na Selemani, na nyinyi wote mnaoshika sasa kazi ya kiwanja cha ndege cha shamba letu, nawaandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zangu mnazijua. Nilizipata ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, na mpaka leo zinatembea kama kuku aliyefungwa miguu. Lakini majina ya watu siyasahau, na mambo niliyoyaona siyasahau, basi nivumilieni.

Juzi nilikuja kurudisha koti la mvua na fyekeo la kazi. Nikamsikia Selemani akipiga kelele, "Upepo umechafuka! Tandikeni mkasi wa Bi Sikudhani!" Mkakimbia, mkatandika vile vitambaa viwili vyekundu katikati ya kiwanja, vimekatana vizuri, na ndege ikazunguka juu ikaenda zake kusubiri. Kazi safi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale karibu na nguzo, mwenye nusu ya mkasi huo, na hakuna aliyegeuka. Nilirudi nyumbani na chakula hakikushuka. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Niliingia kazini mwaka wa Uhuru. Shamba la korosho lilikuwa bado la mzungu, na katikati ya mikorosho alikuwa amekata kiwanja cha ndege yake, ya kumpeleka mjini na kumrudisha. Walitaka mtu wa kufyeka majani na kufukuza mbuzi. Siku ya kwanza ndege ilipokuja nilitupa fyekeo, nikalala kifudifudi kwenye nyasi, khanga kichwani. Ilipozima, nikasikia mtu amesimama juu yangu.

"Mama, inuka. Ndege haili mtu."

"Una hakika?"

"Huwa inaua tu. Kula haili."

Huyo ndiye Mzee Yakobo, Mgogo, mlinzi wa kiwanja na mwalimu wangu wa kazi. Alikuwa amefanya kazi reli miaka mingi, na alipotoka huko alitoka na bendera zake mbili, nyeupe na nyekundu. Akazileta kwenye ndege. Nyeupe maana yake karibu, kiwanja kizuri. Nyekundu maana yake usitue, zunguka, subiri. Marubani wote waliokuja shambani kwetu walifundishwa sheria hiyo kabla hawajapewa hata chai.

Yeye ndiye aliyenionyesha soksi ya upepo pale juu ya nguzo. Nilicheka nikamwuliza ni ya mguu wa nani. Akaniambia nicheke nikimaliza kujifunza. Akanifundisha kwamba upepo wa moja kwa moja, hata uwe mkali, si adui mkubwa, maana rubani anaujua na anajipanga nao. Adui ni upepo wa mikupuo, unaosukuma na kuacha, unaosukuma na kuacha. Soksi inasimama ngumu kama mkono wa mtu anayeonyesha njia, halafu ghafla inaanguka kama amesahau alichokuwa anaonyesha. Ukiona hivyo, shika nyekundu. Na usiitazame soksi peke yake. Tazama mikorosho ya mbali, kama majani yanageuka tumbo, hapo kuna mkupuo unakuja. Tazama moshi wa jikoni kwa vibarua, kama unakatika.

Nilijifunza. Lakini bendera sikupewa. Nilishika fyekeo mwaka hadi mwaka, shamba likatoka kwa mzungu likawa la umma, akaja meneja Bwana Mhina, na mimi bado nafyeka na kutazama bendera zikiwa mkononi mwa Yakobo. Nilijiambia Yakobo akichoka, ni zangu. Nani mwingine?

Halafu vikaja vijiji vya ujamaa. Watu wa Gwata waliokuwa wametawanyika mashambani wakahamishiwa karibu na barabara ya shamba, na katika hao alikuwa wifi yangu Sikudhani, dada wa mume wangu Ramadhani. Mjane, sauti kama zumari, mcheshi, mguu mwepesi. Mimi mwenyewe nilimwombea kazi kwa Mzee Yakobo. Andikeni hilo mahali, kwa sababu yeye halisemi.

Haukwisha msimu wa korosho, Sikudhani alikuwa anamwita Yakobo "baba" na kumletea togwa. Yakobo, ambaye alinifundisha mimi kwa maneno ya kuhesabu, yeye alimfundisha kwa kicheko. Mimi nilifundishwa upepo. Yeye alifundishwa upepo, akafundishwa na kutazama mawingu, na hadithi za reli juu yake.

"Wifi, mbona umenuna?" akaniuliza siku moja tukifyeka.

"Sijanuna. Jua."

"Jua liko mgongoni kwako, wifi."

Huyo ndiye Sikudhani. Hakuachii hata uongo mdogo wa kujisitiri.

Miaka ya mwisho ya hadithi hii ni ile ya foleni za sabuni na sukari, mnaisikia kwa wazazi wenu. Ugonjwa wa unga uliingia kwenye maua ya mikorosho, na dawa yake ni unga wa salfa. Watu wa kilimo wakaleta shambani kidege kidogo cha majaribio cha kumwaga salfa. Nisikilizeni vizuri, maana nyinyi mmezoea ndege zenye milango. Kile hakikuwa na mlango. Kilikuwa mabomba membamba, turubai la mabawa, kiti kimoja na nafasi ya mfuko wa salfa pembeni, na pangaboi linalozunguka nyuma ya mgongo wa rubani. Wanaume wawili walikinyanyua wakakigeuza kama kitanda cha kamba. Watu wa kile kijiji kiitwacho Picha ya Ndege wanajivunia picha iliyowapa jina. Sisi tulikuwa na ndege yenyewe, ingawa nakiri picha yao ilikuwa kubwa zaidi.

Sikudhani alikitazama akasema, "Hiki ni kumbikumbi. Kikipata mvua kitadondosha mabawa." Watu wakacheka, na jina likakaa. Hata rubani akakiita Kumbikumbi. Mimi nilikuwa nimeshafikiria kukiita Panzi, nikachelewa.

Rubani alikuwa kijana wa Moshi, Elisante, mpole, mwenye adabu. Akatueleza kwamba ndege kubwa ikipigwa na mkupuo hutikisika tu, lakini kidege chepesi hivi kikikaribia ardhi, kikiwa kimepunguza mwendo, mkupuo mmoja wa ubavuni unatosha kunyanyua bawa moja, na bawa la pili linalima. "Kwa hiyo mama zangu," akasema, "juu najitegemea, lakini kutua nawategemea nyinyi."

Siku ile nilimpenda kama mwanangu.

Tukapelekwa Kisarawe, kwenye mashamba ya kule milimani, nako kumwaga salfa. Kiwanja chao kilikuwa kipande cha nyasi kwenye mteremko, na upepo wa kusi ukifika kwenye vilima unajikunja, hujui unatoka wapi. Yakobo alikuwa na goti baya, akakaa kwenye gogo. Nikanyoosha mkono kupokea bendera.

"Mpe Sikudhani," akasema. "Ana miguu."

Miguu! Basi mimi nilikuwa nimesimama juu ya nini?

Kumbikumbi akaja, soksi imelala, kila kitu kimya, Yakobo mwenyewe akasema, "Nyeupe." Sikudhani akanyanyua nyekundu. Yakobo akafoka, "Nimesema nyeupe!" Wifi yangu hakushusha. Elisante akaongeza mwendo akapita juu yetu, na hapo hapo mkupuo ukateremka kutoka mlimani, ukang'oa kofia ya Yakobo, ukazungusha vumbi pale ambapo gurudumu lingegusa. Sikudhani aliuona kwenye migomba ya juu. Mimi pia niliuona kwenye migomba ya juu. Ila mimi sikuwa na bendera, na mtu asiye na bendera aliyeona na mtu asiyeona kabisa, wote wanaitwa hawakuona.

Elisante alipotua salama alikwenda moja kwa moja kwa Sikudhani akamshika mikono miwili. "Wewe ni Mama wa Upepo." Toka siku hiyo, kabla hajaondoka huuliza, "Mama wa Upepo yupo?" Kama yupo, anacheka. Kama ni mimi, anasema, "Haya, shikamoo mama," kwa adabu kabisa. Adabu ile ilinichoma kuliko tusi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilitangazwa kijijini kwamba mgeni mkubwa wa mkoani anakuja kuona kidege kinavyomwaga salfa. Kikundi cha ngoma kikaamriwa kumpokea, na nani ataongoza nyimbo kama si Sikudhani? Yakobo alikuwa amekwenda kwao Dodoma kumzika dada yake. Bwana Mhina akaniita ofisini akanipa bendera zote mbili. "Bi Mwanaidi, kiwanja ni chako leo."

Nilizifua. Nilizipasi kwa pasi ya mkaa. Nikaenda kiwanjani mapema, nimevaa baibui safi, na kwa mara ya kwanza tangu Uhuru mtu mwingine alikuwa anafukuza mbuzi.

Lakini kuna jambo hatukulifikiria, si mimi, si meneja. Wiki ile duka la ushirika lilikuwa limepata khanga baada ya muda mrefu, na zilikuwa za rangi moja tu. Nyekundu. Wanawake wote wa kikundi walinunua, wakashona, wakajifunga, na ziada wakashika mikononi za kumpungia mgeni. Na mnajua kwetu mgeni wa heshima hupokelewaje: khanga za kupunga na khanga za kutandika chini akanyage. Wakapanga mistari pande zote mbili za kiwanja, maana walidhani mgeni anakuja na ndege. Niliwaambia kidege kina kiti kimoja, mgeni anakuja na Land Rover. Mama mmoja, Bi Asha Mkumba, akanijibu, "Bwana mkubwa hawezi kukosa kiti, mwenzangu."

Kusi ikaamka. Niliiona soksi inasimama, inaanguka, inasimama, inaanguka. Mikorosho ya mbali ikageuza tumbo. Nikasikia mlio wa Kumbikumbi anakuja kutoka upande wa Mlandizi. Nikaitupa nyeupe chini, nikanyanyua nyekundu, nikapunga kwa nguvu zangu zote.

Na wanawake wote, walipoona ndege, wakanyanyua khanga zao nyekundu wakapunga nao.

Nikapiga kelele, "Asitue! Asitue!" Ngoma zimekolea, vigelegele, nani atanisikia? Nikakimbilia katikati ya kiwanja ili nionekane. Hapo Sikudhani akaniona. Nilimwona ananiona. Akafungua mdomo, nikadhani, afadhali, wifi ameelewa, atanyamazisha ngoma. Akaimba:

"Wifi na kitambaa, naye ataka kung'aa!"

Kikundi kizima kikaitikia, "Mwacheni ang'ae!"

Mimi, "Asitue!" Wao, "Ang'ae!" Mimi, "Asitue!" Wao, "Ang'ae!" Mpaka wengine wakaingia kiwanjani wakaanza kucheza nyuma yangu. Siku niliyopewa bendera peke yangu ndiyo siku dunia nzima ilivaa nyekundu.

Nilipoona gurudumu limeshuka usawa wa mikorosho, nilikimbia pembeni, nikawavuta wenzangu kwa nguo. Elisante alikuwa ameshapunguza mashine, anaelea kidogo tu juu ya nyasi, kama mtu anayetafuta kiti gizani. Mkupuo ukaja kutoka kwenye mwanya wa mikorosho, ubavu wa kushoto. Bawa la kushoto likanyanyuka, la kulia likagusa, likalima nyasi, gurudumu likapinda, na kidege kikazunguka kikapinduka mgongo chini. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa mlio wa kitambaa kinachopasuliwa dukani. Unga wa salfa ukamwagika ukapeperuka, wa njano, na harufu ya petroli ikafuata.

Ngoma zikanyamaza. Tukakimbia. Elisante alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye mkanda wake, uso wa njano tupu, mguu umekaa vibaya. Akatuona sisi wanawake wazima tumemwinamia. Akasema, "Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," tukaitikia wote, kwa mazoea. Wallahi.

Sikudhani akajitia chini yake akabeba kichwa na mabega. Mimi nikachukua fyekeo kwa aliyekuwa anafukuza mbuzi, nikakata mkanda. Akamwangukia Sikudhani mikononi, akafumbua macho akasema, "Mama wa Upepo, ahsante." Mkanda nimekata mimi. Zile khanga nyekundu ndizo tulizozifunga kwenye miti miwili zikawa machela, na mgeni alipofika na Land Rover, hakupata hata wimbo mmoja; gari lake lilichukuliwa kumpeleka rubani hospitali ya Tumbi.

Siku chache baadaye tukaitwa ofisini, mimi, Sikudhani, Bi Asha na wazee wa kijiji. Nilijua kinachotafutwa. Kidege kimevunjika, mtu amevunjika, na kiwanja siku ile kilikuwa changu.

"Nani alikuwa na bendera?" akauliza Bwana Mhina.

"Mimi."

"Ulipunga nyekundu?"

"Nilipunga."

"Nimetoka kumwona rubani. Anasema hakuona bendera. Aliona shangwe." Akaegemea meza. "Na watu wanasema uliingia katikati ya kiwanja ukacheza."

Nikamtazama Bi Asha. Bi Asha akatazama dirisha. Nilisema sikucheza, nilikuwa nakataza. Niliona uso wa meneja haujaniamini, na nikajua narudi kwenye majani, kama hata majani nitaachiwa. Miaka yote ile, na jina litakalobaki ni la mwanamke aliyecheza ngoma mbele ya ndege.

Sikudhani akasimama. "Bwana meneja, wifi yangu alikataza. Mimi nilimwona."

"Ulimwona? Kwa nini hukusimamisha ngoma?"

"Kwa sababu ya wivu."

"Wivu wako?"

"Wake! Huyu ananionea wivu tangu nimefika hapa, hata mbuzi wanajua. Nikamwona anakuja katikati na kitambaa, nikasema, leo wifi ameshindwa kuvumilia, anataka naye atazamwe. Nikamtungia wimbo hapo hapo. Kumbe alikuwa anafanya kazi."

Mzee mmoja akaanza kutikisika mabega, na meneja akaziba mdomo kwa mkono, na ofisi nzima ikapasuka kwa kicheko. Hata Bi Asha aliyetazama dirisha. Bwana Mhina akafuta macho akasema, "Basi Bi Mwanaidi hana kosa. Na wewe Bi Sikudhani, ahsante kwa ukweli wako. Watu wa namna yako ni wachache."

Mmeona? Niliyepunga ni mimi. Niliyekimbia ni mimi. Ukweli ulikuwa wangu, nimeuleta ofisini toka mwanzo, haukuaminiwa. Ulipopita mdomoni mwake ukasifiwa. Kazi yangu iliokoka siku ile, na sifa akachukua aliyeniokoa.

Elisante alirudi na plasta mguuni, na Mzee Yakobo naye alikuwa amerudi kutoka msibani. Wakakaa na bendera zao kufikiri. Elisante akasema, "Kutoka juu, watu wote wanapunga. Anayekaribisha anapunga, anayekataza anapunga. Nipeni kitu ambacho hakipungi." Yakobo akasema vitandikwe vitambaa viwili virefu chini, vikatane kama msalaba, na watu wakae mbali navyo. Neno msalaba likatutatiza kidogo. Nikamwazia Ramadhani akiniuliza kazini natandika nini. Sikudhani akasema, "Tuuite mkasi." Mkasa ukazaa mkasi. Jina lake tena.

Kwa kuwa mkasi una makali mawili, ulitaka watu wawili. Na sheria ya Yakobo ikawa kila mtu na kitambaa chake, kukitunza, kukifua, asimwachie mwingine. Ndivyo nilivyofungwa na wifi yangu mpaka kustaafu. Mwalimu mmoja, kiwanja kimoja, mkasi mmoja.

Sasa ya kazi, mnisikilize. Vitambaa visitandikwe na mtu mmoja, anachelewa. Aliye upande wa upepo atandike kwanza, amalize, aondoke, ndipo wa pili apitishe chake juu. Mimi ndiye niliyekuwa upande wa kusi, kwa hiyo changu hutangulia, na kinachotangulia hufunikwa. Rubani akitazama chini, kitambaa anachokiona kizima, bila kukatwa, ni cha Sikudhani. Changu anakiona vipande viwili. Wekeni mawe kwenye ncha zote nne, si tatu. Khanga za wageni zibaki kwenye barabara ya magari. Na soksi ikianguka, msifurahi. Subirini muone kama itasimama tena.

Nilipofika hapa Sikudhani aliingia bila hodi, kama kawaida yake. Macho yake siku hizi hayasomi mbali wala karibu. Akasikia kalamu.

"Unaniandika, wifi?"

"Naandika kazi."

"Umeandika kwamba changu ndicho cha juu?"

"Nimeandika changu ndicho cha chini. Ni sawasawa."

Akakaa mkekani, akavua viatu. "Basi ongeza na hili. Waambie cha juu ndicho kinachokishikilia cha chini kisipeperuke."

Nimeliandika neno lake kama lilivyo, msije mkasema nimelificha. Lakini siku mkisema tena mkasi wa Bi Sikudhani, Zuhura, nawe Selemani, inameni kidogo mtazame kwenye zile ncha nne. Mawe yale niliyatoa Kisarawe tulipopelekwa tena huko, nikayabeba kichwani mpaka kwenye gari. Niliyaokota mimi.